Fukusi Kumi na Mmoja

Jumatatu, 9 Februari 2026

Gicheru amepiga simu! Saa mbili na robo asubuhi, povu la sabuni likiwa bado kidevuni mwangu. Hatujazungumza kwa miezi kumi na minne. Alianza kwa kuniuliza kama bado ninapumua. Nikamjibu kwamba ninapumua kwa tundu zote mbili za pua, asante.

Gicheru na mimi tulicheza skwoshi ya kulipwa miaka ileile. Sasa ana nyumba ya kulala wageni Mtito Andei, na tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Mchezaji wa kulipwa siku hizi ni binti yake, Wacuka, mwenye miaka ishirini na minne. Anatafuta mahali penye joto na utulivu afanye mazoezi ya miezi mitatu. Anatafuta pia kocha wa kumfundisha mpira mfupi, ule unaogusa ukuta wa mbele juu kidogo tu ya bati la chini, kisha unakufa. Gicheru akakiri, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba hajaona katika nchi hii aliyeucheza mpira huo kunishinda. Wacuka akiridhika, nitasafiri naye ng'ambo msimu mzima kama kocha wake.

Mimi! Katika umri wa miaka sitini na mmoja! Nilikaa juu ya ndoo.

Wanakuja Jumamosi kuuona uwanja.

Hapo ndipo penye tatizo. Uwanja ninao. Uko nyuma ya nyumba yangu hapa Tulia: kuta nne za plasta laini, sakafu ya mbao, paa la mabati, mlango mmoja mdogo, madirisha hakuna. Niliujenga mwaka 2004 kwa akiba yote ya miaka kumi na mitatu ya mchezo. Mke wangu, Kathini, nilimwambia kwamba ninajenga tangi la maji. Nilidhani nikimshtukiza atafurahi zaidi. Alikuja kuliona tangi lake akiwa na mtungi mgongoni. Akafungua mlango. Akazitazama mbao. Akaufunga. Hakuzungumza nami mpaka Pasaka.

Mwaka uliofuata akaingiza gunia la kwanza la ndengu. Leo yamo themanini na manne, yake na ya kikundi chake cha akina mama. Mbao hazina unyevu, wanasema. Kuna mstari mwekundu ukutani, ambao mpira wa kuanzia sharti upite juu yake. Wao wanautumia kupimia: gunia lisivuke mstari mwekundu.

Gicheru nimemwambia kwa miaka ishirini kwamba nina wanafunzi arobaini.

Ningeweza kumwomba Kathini ayaondoe. Lakini ukimwomba mtu jambo, umempa nafasi ya kukataa. Magunia hayana budi kutoka yenyewe.

Jumanne, 10 Februari

Asubuhi kwa Amin, mwenye duka la dawa za mifugo na mazao pale sokoni. Yeye hununua nafaka pia. Nikamshauri, kirafiki, anunue ndengu zote za kikundi kabla ya Ijumaa. Akacheka mpaka akaondoa kofia. Akasema akina mama wanasubiri lori la Mombasa, na kwamba akienda kuwavuruga, mwenyekiti wao Nduku atamfukuza kwa mwiko. Nikamuuliza lori litakuja lini. Akasema wiki hii au ijayo, magari ya Mombasa hayana kalenda. Akaongeza: Mzee Nzau, si umwambie tu mama watoto?

Vijana wa siku hizi hawana subira ya kufikiri.

Mchana nikafikiri. Ghala likiingiwa na wadudu, nafaka hutolewa nje ikaanikwe. Jambo hilo kila mtu analijua. Jikoni, nyuma ya sufuria kubwa, kuna mkebe wa kunde za mwaka juzi. Nikaufungua. Fukusi! Wanene, wenye afya. Nikahesabu kumi na mmoja. Zamani mchezo uliisha kwa pointi tisa. Siku hizi ni kumi na moja. Mimi ni mtu anayekwenda na wakati.

Nikawaweka juu ya gunia lililo karibu na mlango. Hakuna aliyeniona.

Jioni nimekumbuka mwaka 1991, nusu fainali, Nairobi, dhidi ya Gicheru. Yeye alikuwa na nguvu, mimi nilikuwa na akili. Mpira wa skwoshi ukiwa baridi haudundi. Nikauficha mpira wa mashindano katika friji ya klabu usiku kucha. Asubuhi haukudunda kwa mtu yeyote, hata kwangu. Nikaikimbilia mipira mifu dakika kumi, nikachoka. Kisha mpira ukapata joto, kama ambavyo kila mpira unaopigwa hupata joto, na Gicheru akanimaliza bila kutoa jasho. Aliniuliza baadaye kwa nini mkono wangu ulinuka samaki.

Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo leo.

Jumatano, 11 Februari

Fukusi hawaonekani! Kathini ameingia ghalani mara tatu na hajaona kitu. Saa nne nikaenda kuwakagua. Wamebaki sita. Saa sita, wanne. Kuku mweupe alikuwa akizungukazunguka mlangoni kwa namna isiyonipendeza.

Ikabidi nimwite mwenyewe. Nikamwambia Kathini kwamba nilipita tu, jicho likagonga gunia, nikaona kitu kinatembea. Akainama. Akamchukua mmoja juu ya kidole. Halafu akanigeukia, akasema nimeokoa jasho la wanawake kumi na wanane, na kwamba hakujua kumbe macho yangu bado ni mazuri hivyo.

Sijasifiwa na Kathini tangu mwaka 2003. Nilitamani kufurahi. Badala yake nilihisi kama mtu aliyepewa pointi kwa sababu mwamuzi peke yake hakuona kwamba mpira ulidunda mara mbili. Katika skwoshi, mchezaji mwenyewe ndiye anayepaswa kuinua mkono na kusema. Hiyo ndiyo adabu ya mchezo. Niliwahi kuinua mkono mara moja, huko Karachi, na hata hapo ni kwa sababu nilikuwa ninajikuna.

Nduku amekuja jioni akiwa na tochi. Ametangaza kazi kesho alfajiri, kila mwanachama afike. Vizuri sana! Nimetafuta turubai la kuanikia.

Alhamisi, 12 Februari

Balaa.

Nilitandaza turubai uani tangu saa kumi na mbili. Akina mama wakafika, wakalipita. Nyuma yao akaja Amin amevaa barakoa, mfuko wa vidonge mkononi. Akaeleza kwamba siku hizi hakuna haja ya kubeba magunia. Vidonge vinawekwa kati ya magunia, vinatoa hewa ya sumu, mlango unazibwa, wadudu wanafia humohumo. Akaingia. Akagonga kuta. Akatoka akishangaa. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuona chumba kizuri namna hii kwa shughuli hii: hakuna dirisha, hakuna ufa, plasta kama kioo. Akauliza fundi alikuwa nani.

Akina mama wakanipigia vigelegele. Mimi!

Nikauliza mlango utafunguliwa lini. Siku saba. Alhamisi ijayo, tarehe kumi na tisa. Nikauliza kama wadudu wanne wanahitaji siku saba. Kathini akaniuliza nimejuaje kwamba ni wanne. Nikakohoa.

Kisha nikakumbuka kwamba raketi zangu zote tatu zimo ndani, zimening'inizwa ukutani. Nikakimbilia mlangoni. Nduku akanizuia kwa mkono mmoja. Aiya! Mzee anataka kufa kwa ajili ya vichujio vya chai! Wakacheka wote. Wakaziba mlango kwa plastiki na udongo. Nduku akachora fuvu la kichwa juu ya kipande cha boksi, lenye meno mengi kuliko inavyohitajika, akalipigilia misumari.

Na mpira wangu umo humo pia.

Ijumaa, 13 Februari

Nimempigia Gicheru kuahirisha. Nimemwambia kwamba wanafunzi wamekwenda mashindanoni, wote arobaini, na kwamba sakafu inatiwa dawa. Hili la pili ni kweli, ukilitazama kwa upande. Akasema wameshafika Sultan Hamud kwa shemeji yake, wanalala huko, na kesho saa sita wako kwangu hata kama sakafu imeondolewa. Wacuka akachukua simu. Sauti yake ni tulivu. Akasema, Mzee, hatukuja kuangalia sakafu, nimekuja kukuona wewe.

Nilikuwa bado ninafikiria maneno hayo niliposikia honi. Lori la Mombasa! Saa kumi alasiri, tupu, limeegeshwa mbele ya lango letu, dereva akiuliza ziko wapi ndengu za akina mama.

Kathini akamwonyesha lile fuvu. Dereva akasema hawezi kungoja siku sita, na magunia yaliyo katika dawa hapakii. Wakabishana kidogo. Nduku alimwita mtu asiye na mama. Lori likageuza, likaenda kupakia Mwingi.

Wanawake kumi na wanane walisimama barabarani wakitazama vumbi. Kathini alirudi, akavua viatu, akakaa. Akasema ni bahati kwamba niliwaona wale wadudu, Baba Mutindi, kama anavyoniita kwa jina la mtoto wetu, la sivyo wangeliwa na watu wa Mombasa, na sisi tungebaki na aibu.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Nikapiga hesabu. Lori saa kumi. Kupakia, muda wa saa mbili. Kufagia nusu saa. Leo kabla giza halijaingia uwanja wangu ungekuwa mtupu kama siku ulipojengwa, na akina mama wangekuwa wakiimba. Ningekaa tu kitini tangu Jumatatu. Ningekunywa chai.

Kairo, mwaka 1994. Mwezi Novemba uliotangulia nilikuwa nimefika nafasi ya mia moja arobaini na tatu duniani. Ninaongoza michezo miwili kwa sifuri dhidi ya Mmisri mmoja mrefu. Pumzi inakata. Nikajifanya nimebanwa na misuli ya paja ili nipumzike. Nikapewa dakika tatu. Nikazikaa zote juu ya sakafu baridi, nikikunja uso. Nilipoinuka, misuli ilibana kweli. Sikupata pointi nyingine. Mwezi uliofuata nilikuwa wa mia moja sabini na moja, na sikupanda tena maishani.

Mtu yeyote angecheza tu.

Jumamosi, 14 Februari

Walifika saa sita kamili. Gicheru alishuka kwanza, kwa mafungu. Wacuka alishuka baadaye: mrefu, mkimya, begi la raketi begani. Alimsalimu Kathini kwa mikono miwili kabla ya kunitazama mimi. Kathini alikuwa amepika muthokoi wa mahindi ya kukoboa na kuchinja kuku mweupe. Nilikula paja kwa kinyongo.

Mpango wangu ulikuwa kuwachelewesha mezani, nisimulie Karachi, kisha jua liwe kali na waondoke. Nilikuwa nimefika mchezo wa pili wa Karachi Nduku alipoingia kuangalia udongo wa mlango. Gicheru akamsalimu kwa furaha, akamuuliza wanafunzi wanaendeleaje. Nduku akauliza wanafunzi gani. Gicheru akasema wale arobaini wanaocheza humo ndani. Nduku akasema humo ndani hajacheza mtu isipokuwa panya, na kwamba ni magunia themanini na manne ya ndengu, yamo tangu enzi za mama mkwe wake.

Gicheru alicheka hadi akashika meza. Alisema nimekuwa wakala wa halmashauri ya nafaka. Alisema anataka kuona mpira mfupi wa gunia. Alisema mengi. Nilitazama sahani yangu.

Wacuka hakucheka. Aliinuka, akaenda nyuma ya uwanja, akaupapasa ukuta wa nje kwa kiganja. Akauliza kama mgongo wa ukuta huu nao una sumu. Akanipa raketi mojawapo, nyepesi kama bahasha. Akatoa mpira, akaupiga ukutani mara ishirini au thelathini mpaka ukapata uhai. Kisha akaniletea.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mpira wa kwanza niliukosa. Wa pili niliupeleka kwenye mihogo. Gicheru akapiga makofi. Wa tatu ulikuja juu ya bega, nami sikufikiria chochote. Sikupanga chochote. Mkono ulishuka polepole, raketi ikaugusa mpira kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala, na mpira ukaenda ukutani chini kabisa, ukaanguka, ukabaki hapohapo vumbini.

Wacuka akasema: tena.

Nikacheza tena. Na tena. Kumi, labda kumi na tano. Gicheru akaacha kupiga makofi. Nilipogeuka, Kathini alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, mwiko mkononi. Tumeoana miaka thelathini na mitatu. Nilicheza katika nchi kumi na tisa. Hajawahi kuniona nikicheza hata siku moja. Sikuwahi kumwalika, niliogopa aone nikishindwa.

Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama hicho ndicho kilichojengewa tangi.

Nikasema ndiyo.

Kisha akasema ningemwambia tu. Kama ningemwambia Jumatatu, magunia yangelala kwenye ukumbi wa kanisa siku mbili, hakuna ambaye angekataa. Akamgeukia Wacuka, akamwambia kwamba kikundi kinakutana Jumanne saa tatu, na kikikubali, mlango ukifunguliwa Alhamisi magunia yatahamishwa kanisani mpaka lori lingine lipatikane. Lakini wanachama wana uchungu wa lile lori. Itabidi mtu asimame mbele yao aeleze vizuri mambo yalivyokuwa.

Wote wakanitazama.

Wacuka akasema klabu moja ya Nairobi imempa nafasi, na kwamba lazima awajibu Jumatano. Angependa kuja hapa. Akasema, Mzee, kocha wangu wa mwisho alikuwa mtu wa kona nyingi, sikumbuki siku aliyoniambia jambo moja kwa moja. Wewe niambie tu ndiyo au hapana.

Nikamwambia kwamba mimi ni mtu aliyenyooka kama rula.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nduku alisimama wakati wa matangazo, akataka makofi kwa Mzee Nzau, aliyeona fukusi. Watu wazima walinipigia makofi. Kathini naye alipiga. Polepole, akinitazama.

Nyumbani aliniuliza kama kuna jambo ninalotaka kumwambia. Alikuwa akipepeta mahindi, hakuinua kichwa. Alisema kuna kitu kinamsumbua. Fukusi walikuwa juu ya gunia moja tu, wamekaa pamoja kama watu wanaongoja basi. Ndani ya magunia mengine hakuona tundu hata moja.

Nikasema wadudu wana mambo yao.

Akaendelea kupepeta.

Nilikuwa na neno mdomoni! Ninaapa. Lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Lingechukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Magunia ya wanawake kumi na wanane, na lori limekwenda, na mke wangu amenisifu kwa uongo wangu mwenyewe. Nikiinuka Jumanne nikasema kweli, watanikasirikia siku moja, wiki moja, labda mpaka Pasaka. Kisha watahamisha magunia, kwa sababu ndivyo walivyo. Nami nitarudi uwanjani. Nikinyamaza, Jumatano Wacuka anakwenda Nairobi, nami nitakufa nikiwa na ghala.

Sijui ni kwa nini mtu anaweza kuona mpira ulipo, aone na pale anapopaswa kusimama, na bado miguu ikaenda upande mwingine.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeamua. Lazima Kathini ajue kabla ya kikao. Sijalala, nimelipima jambo hili kwa pande zote, na njia iliyo bora nimeiona.

Sitamwambia. Nitaliacha daftari hili wazi mezani.

Atapita na vikombe, jicho litagonga ukurasa, atasoma. Atajua yote, na nitakuwa sijasema neno. Atalia kidogo, labda. Atakuja kunitafuta chini ya mlima wangu wa majuto, na kesho yeye ndiye atakayewaeleza wenzake, kwa sauti ile yake ambayo hakuna anayeibishia. Nimepigia mstari sehemu za majuto kwa wino mwekundu, asije akazikosa. Nimeongeza alama mbili za mshangao siku ya Jumatano.

Saa nane nikalifungua mezani, nikajificha nyuma ya banda la mbuzi. Saa tisa kasoro nikamsikia akiingia. Vikombe. Kimya. Kimya kirefu!

Nikajitokeza, nikipiga miluzi. Daftari lilikuwa limefungwa, limewekwa juu ya kabati, kitambaa juu yake. Kathini akaniambia nisiache mambo yangu ya siri ovyoovyo mezani. Akasema hakusoma hata mstari mmoja. Yeye si mtu wa kusoma daftari la mwenzake. Mtu akiwa na la kumwambia, atamwambia.

Akanisubiri. Alisimama pale, mikono ina maji, akanisubiri kabisa.

Nikamwambia chai ilikuwa nzuri.

Kikao ni kesho saa tatu. Bado kuna muda wa kutosha. Kathini huamka saa kumi na moja kuwasha moto. Nitaamka saa kumi na nusu, niliweke daftari kando ya jiko, wazi, ukurasa wa Jumanne, na juu yake niweke miwani yake ya kusomea.